Hagari yuko katika Jumuiya yetu



Katika sura ya 16 ya Kitabu cha Mwanzo kuna msichana mjamzito anayekimbia. Ni mtumishi wa ndani katika nyumba ya Abrahamu, mtu wa Misri, jina lake Hagari. Mimba aliyonayo hakuipanga yeye. Walioipanga ni wakubwa wa nyumba ile, na ugomvi ulipozuka aliyeteswa ni yeye, hadi akatoroka. Malaika wa Bwana anamkuta nyikani kando ya chemchemi, anamwita kwa jina lake, kisha anamuuliza mambo mawili: ametoka wapi, na anakwenda wapi. Soma vizuri jibu lake. Hagari anajibu swali la kwanza tu, kwamba anamkimbia Sara, bibi mwenye nyumba. Swali la pili halijibu, kwa kuwa hana anakokwenda.

Mtu yeyote anayefanya utume Busale, huku Kyela, anamfahamu Hagari huyu. Kyela ni nchi iliyobarikiwa. Ukishuka kutoka milima ya Rungwe kuelekea Ziwa Nyasa unapita kwenye migomba, kakao na michikichi, na huko chini kuna mashamba ya mpunga ambao mchele wake unasifiwa nchi nzima. Mvua hatuililii, na wakati mwingine inazidi hadi mito inafurika. Lakini baraka ya ardhi haizuii majonzi ya nyumba. Binti wa kidato cha pili anatembea mwendo mrefu kwenda shule, au anapangishiwa chumba karibu na shule, kile ambacho vijana wanakiita geto, na hapo anajipikia na kujilinda mwenyewe akiwa na miaka 15. Wakati wa mavuno ya kakao na mpunga fedha zinaingia mifukoni mwa vijana. Kuna bodaboda wa kumpa lifti asubuhi yenye mvua. Kuna wafanyabiashara wanaopita kuelekea mpakani Kasumulu. Miezi michache baadaye sare ya shule inaanza kumbana.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Kyela peke yake. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, asilimia 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au wana mimba. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 22. Idadi imeshuka, na tumshukuru Mungu. Hata hivyo bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Kama katika Jumuiya yako kuna wasichana watano wa umri huo, wahesabu.

Swali moja tunalijua sana

Mimba inapogundulika, sisi sote tunakuwa hodari wa swali la kwanza. Nani amekupa? Lini? Wapi? Ulikuwa unatafuta nini? Baba anauliza kwa ukali, mama anauliza akilia, mwalimu anauliza ofisini, na majirani wanauliza kisimani. Katika nyumba nyingi baba na mama wanaanza kulaumiana wenyewe, na binti anakimbilia kwa bibi yake.

Hapo mara nyingi ndipo Injili inapohubiriwa bila maneno. Wanyakyusa wana neno zuri, ndaga, linalotumika kushukuru na pia kumpa mtu pole. Bibi anasema ndaga, anaweka ugali na mboga mbele ya mjukuu, na kumwambia, “Kula kwanza, mwanangu. Mengine tutaongea kesho.” Bibi huyo hajasema kwamba kosa si kosa. Ametambua tu kwamba mbele yake kuna watu wawili wenye njaa.

Baada ya hapo yanafuata maisha ambayo waamini wengi tunayaona kwa nje tu. Mama huyu wa miaka 17 anakwenda kupalilia mpunga wa watu kwa kipande, mtoto mgongoni. Siku nyingine anasaidia kukamua mawese au kuanika kakao ya jirani. Akipata mtaji kidogo ananunua usipa ziwani na kuuza kwa mafungu. Mtoto akiugua, mtaji unaishia hospitalini, na hapo anajitokeza mtu wa mikopo ile ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Wengine wanamwacha mtoto kwa bibi na kwenda Mbeya au Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Wanakuwa Hagari kwa maana kamili, watumishi katika nyumba za watu, usiku wakimuwaza mtoto aliye mbali. Na wako ambao mwanamume fulani anawajia na sabuni, kilo mbili za unga na maneno matamu, na kabla mtoto wa kwanza hajaota meno yote, wa pili yuko njiani.

Msomaji, mimba ya pili mara nyingi haitokani na tamaa. Inatokana na unga. Anayetaka kuizuia kwa mahubiri peke yake, bila kuuliza usiku ule mtoto alikula nini, anapoteza mahubiri yake.

Tunachohubiri na tunachotenda

Hapa nataka tuseme ukweli kama watu wa nyumba moja. Kanisa letu linafundisha bila kuyumba kwamba uhai wa binadamu ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Kila mwaka tunahubiri dhidi ya utoaji mimba, na tunafanya vyema. Sasa mtazame binti huyu. Alipogundua hali yake, huenda kulikuwa na mtu wa kumnong'oneza kwamba kuna dawa, kuna mizizi, kuna mtu fulani mjini, na hakuna atakayejua. Alikataa. Aliichagua aibu ya kuonekana na watu wote, mtoto akapata kuishi. Alifanya lile hasa tulilomhubiria.

Na sisi tukamfanyia nini? Wako walioondolewa kwenye kwaya kabla hata tumbo halijaonekana. Kuna mahali ambapo mama yake pia anawekwa kando katika kikundi cha akina mama, kana kwamba mimba ni yake. Mtoto akizaliwa, familia inaambiwa isubiri, kwanza baba apatikane, kwanza ndoa ifungwe, kwanza michango ya miezi tisa ilipwe. Wakati huohuo kijana aliyempa mimba anapiga kinanda kanisani, kwa sababu tumbo lake halivimbi.

Yule aliyetoa mimba kwa siri anabaki kwenye kwaya. Yule aliyeuhifadhi uhai anatolewa nje. Tukiendelea hivi tunawafundisha mabinti zetu kwamba dhambi kubwa ni ile inayoonekana. Binti wa kidato cha kwanza anayetazama jinsi dada yake anavyotendewa anajifunza somo hilo upesi kuliko katekisimu.

Sheria ya Kanisa haituagizi kufanya hivyo. Kanuni ya 868 inataka, ili mtoto mchanga abatizwe, angalau mzazi mmoja au mlezi akubali, na pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Haidai cheti cha ndoa ya wazazi. Kanuni ya 877 inaeleza hata jinsi ya kumwandika katika kitabu cha ubatizo mtoto ambaye mama yake hana ndoa. Isingekuwa na haja ya kueleza hilo kama Kanisa lingetaka watoto hao wasibatizwe. Tumaini la malezi ya Kikristo linajengwa na mama, bibi, msimamizi mwema na Jumuiya iliyo hai. Kama tumaini hilo halipo, lawama isiwe ya mtoto. Jumuiya ijiulize imekwenda wapi.

Tarehe 25 Mei 2013, katika mahubiri ya Misa ya asubuhi, Baba Mtakatifu Fransisko alizungumzia hasa habari ya msichana mwenye mtoto anayefika parokiani kuomba ubatizo na kukataliwa kwa sababu hana ndoa. Alisema msichana huyo alikuwa na ujasiri wa kumzaa mtoto wake, naye anakuta mlango umefungwa. Akawaonya wachungaji wasigeuke kuwa maofisa wa forodha. Tena mwezi Desemba 2023 Idara ya Mafundisho ya Imani huko Vatikani ilimjibu askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika aliyehangaika kuona akina mama wasio na ndoa wanajitenga na Komunyo kwa kuogopa ukali wa viongozi na wa jumuiya. Jibu lilikuwa wazi. Mama wa namna hiyo aliyeungama dhambi zake anaweza kupokea Ekaristi, na kazi ya wachungaji ni kumsaidia afike huko.

Kuungama ni lazima kubaki mahali pake. Sisemi kwamba tendo nje ya ndoa limekuwa jema. Amri ya sita haijafutwa. Lakini tuwe waangalifu tunapopima dhambi ya nani. Sheria ya nchi yetu tangu mwaka 1998 inasema kwamba mwanamume anayelala na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mke wake amebaka, hata kama msichana alikubali. Basi katika visa vingi tunavyoviita anguko la binti, sheria inamwona yeye kuwa ndiye aliyekosewa. Mkosefu anahitaji kitubio. Aliyekosewa anahitaji kwanza kutetewa.

Kisima kilikuwepo

Hagari anarudi tena katika sura ya 21. Safari hii amefukuzwa, akipewa mkate na kiriba cha maji begani, pamoja na mtoto wake Ishmaeli. Maji yanakwisha. Anamlaza mtoto chini ya kichaka na kukaa mbali, asimwone akifa. Mungu anasikia sauti ya mtoto. Kisha Maandiko yanaeleza jambo ambalo huwa tunalipita haraka. Mungu hatajwi kuumba kisima kipya pale. Anamfumbua macho Hagari, naye anakiona kisima.

Mama vijana wengi wa kwetu wamelala hatua chache kutoka kisimani. Wanahitaji mtu wa kuwaonyesha.

Kisima cha kwanza ni shule. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyepata mimba alifukuzwa, na mwaka 2017 msimamo huo ulitangazwa kwa ukali zaidi. Lakini tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito wanaruhusiwa kurudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Kwa anayeona aibu kukaa tena na wadogo zake darasani, zipo njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi vinavyofundisha ufundi, baadhi vikiwa na mahali pa kuwatunza watoto wakati mama yuko darasani. Habari hizi zimetangazwa redioni, lakini vijijini wapo wazazi wanaoamini kwamba binti akizaa masomo yamekwisha. Mara nyingine kinachokosekana ni mtu mzima mmoja wa kumshika mkono binti na kwenda naye kwa mkuu wa shule.

Kisima cha pili ni sheria. Tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Tunajua kinachotokea. Familia mbili zinakaa, zinakubaliana ng'ombe au fedha, na shahidi haonekani mahakamani. Fedha inapokewa na wazee, na mtoto haonji hata maziwa yake. Mbali na jinai, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake wote wawili, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Mama anaweza kwenda kwa ofisa ustawi wa jamii na hata mahakamani kudai matunzo. Asiambiwe kwamba kudai ni ukosefu wa unyenyekevu. Anayemdaia mtoto chakula chake anatenda haki, na haki ni fadhila ya Kikristo.

Kisima cha tatu ni afya. Mwili wa msichana ambaye bado anakua uko katika hatari kubwa zaidi wakati wa kujifungua, ikiwemo kifafa cha mimba na uchungu pingamizi unaoweza kuleta fistula. Ndiyo maana kuificha mimba mpaka mwezi wa saba ni hatari ya kufa. Sera ya nchi ni huduma bila malipo kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Lakini binti anaogopa kliniki kwa sababu amesikia kwamba siku ya kwanza anatakiwa kwenda na mwenzi wake, na yeye hana wa kwenda naye. Mama mmoja wa Jumuiya akimsindikiza, na barua ya kiongozi wa kijiji ikihitajika akaenda naye kuiomba, hofu ile inakwisha.

Na kisima cha nne ni altare. Huyu anahitaji kusikia kutoka kwa padre na katekista, kwa maneno ya kawaida, kwamba kitubio kipo, Komunyo ipo, ubatizo wa mtoto upo, na benchi lake bado lipo.

Watoto wanaopanda altareni

Wahenga wetu walisema kitanda hakizai haramu. Kanisa lilichelewa kidogo kuufikia ukarimu wa methali hiyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 ilimhesabu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa kuwa na kizuizi cha kupokea Daraja Takatifu, mpaka kizuizi hicho kiondolewe. Sheria ya mwaka 1983, inayotuongoza leo, imekifuta kabisa. Kwa hiyo mtoto anayebebwa na mama yake nyuma ya kanisa, kwa kuogopa macho ya watu, anaweza siku moja kusimama altareni na kututolea sadaka.

Tena hakuna jipya chini ya jua. Mtakatifu Margareta wa Cortona, aliyeishi Italia katika karne ya 13, alikaa miaka tisa na mwanamume bila ndoa na kuzaa naye mtoto wa kiume. Mwanamume yule alipouawa, Margareta alirudi na mtoto mpaka mlangoni kwa baba yake, akafukuzwa. Waliompokea ni Wafransisko wa mji wa Cortona. Alitubu, akawahudumia wagonjwa, akaanzisha hospitali ya maskini, na mwanawe akawa Mfransisko. Mwaka 1728 Papa Benedikto XIII alimtangaza kuwa mtakatifu. Kanisa linamheshimu leo kwa sababu siku ile ya mvua ya maisha yake, baada ya mlango mmoja kufungwa, mwingine ulifunguliwa. Jiulize, mlango wa Jumuiya yako ungekuwa upi?

La kufanya wiki hii

Nisiwaache na huzuni tu. WAWATA, ninyi mna uzoefu wa kulea. Wawekeni akina mama wawili kwa kila binti mjamzito, wa kwenda naye kliniki na kukaa naye siku 40 za mwanzo. UWAKA, ongeeni na vijana wenu wa kiume kwa lugha ya wanaume: anayezaa hulea, na anayelipa ng'ombe akakimbia hajalipa chochote. Wanakamati wa Jumuiya, msikubali kesi ya mwanafunzi imalizwe chini ya mti. Wazazi, kama mmempangishia binti chumba karibu na shule, mtembeleeni bila taarifa, na pelekeni unga na mafuta kabla mwingine hajapeleka. Viongozi wa kwaya, kabla hamjamwondoa msichana, mwulizeni mpiga kinanda.

Na wewe, mama kijana, kama unasoma gazeti hili au unasomewa, neno langu kwako ni fupi. Hagari alipokuwa peke yake nyikani ndipo alipompa Mungu jina. Alimwita Mungu anayeona. Wasomi wa Maandiko husema kwamba katika Biblia hakuna aliyetangulia kumpa Mungu jina kabla ya mwanamke huyo, mtumishi, mgeni, mwenye mimba isiyopangwa. Abrahamu mwenyewe hakuwa amefanya hivyo. Mungu huyo hajafumba macho Busale.

Sisi wengine tumekuuliza sana ulikotoka. Inatosha. Jumapili hii, Misa ikiisha, mtu mmoja katika kila Jumuiya akae karibu na binti mmoja, ampakate mtoto, na kumuuliza anataka kwenda wapi. Akisema ni shule, amsindikize. Akisema ni cherehani, amtafutie fundi wa kumfundisha. Na akinyamaza kama Hagari alivyonyamaza, asiondoke. Akae naye hadi kisima kionekane.